Nani Kawaambia Nataka Kulala Jukwaani?

Mgeni akiingia chumba cha hoteli, hata viatu hajavua, anataka kujua mambo matatu: swichi ya taa iko wapi, choo kiko wapi, na maji ya moto yanatoka bomba lipi. Mengine yote ni mapambo. Nimewahi kulala gesti moja Makambako ambayo pazia lake lilikuwa kanga iliyopigiliwa misumari dirishani, na usingizi ulinijia bila kuitwa, kwa sababu swichi ilikuwa palepale mlangoni, kwa urefu ambao mkono wa binadamu huitafuta. Halafu nikapelekwa London, katikati ya mitaa ya majumba ya maigizo, nikawekwa kwenye chumba ambacho kwa bei yake Makambako wangenipa na kiwanja juu, na usiku wa kwanza nikapapasa kuta kwenye utusitusi nikitafuta swichi mpaka nikamkumbatia mtu.

Hakuwa mtu. Lilikuwa sanamu la fundi cherehani, halina kichwa, limevishwa joho la kifalme. Lakini hilo nililijua baadaye. Kwanza nilipiga kelele.

Jina la hoteli nalihifadhi. Aliyelipa ni mpwa wangu, mtoto wa dada, nesi wa huko, na ukiitukana zawadi umemtukana aliyekupa. Anaishi kwenye chumba kimoja ambacho kitanda, jiko na mashine ya kufulia vinatazamana, akaona aibu kumlaza mjomba wake sakafuni. "Mjomba," akaniambia kwenye simu baada ya shikamoo, "nimekupatia hoteli ndogo nzuri sana, vyumba vichache tu, yote imepambwa kwa mambo ya maigizo. Si unapenda mambo ya vitabu wewe?" Napenda vitabu. Napenda na maigizo. Napenda na samaki pia, lakini silali sokoni Feri.

Mapokezi ya hoteli hiyo, iliyo karibu na Covent Garden, wameyageuza dirisha la kukatia tiketi. Kuna kioo, kioo kina tundu la nusu duara, na nyuma ya tundu amekaa kijana aliyevaa koti jeusi lenye mkia mrefu. Ili msikilizane lazima uiname. Nikainama, na umri wangu huu, begi mgongoni, nikaulizwa nimekuja kuona onyesho gani. Nikasema nimekuja kulala. Kijana akacheka kwa adabu, akanipitishia ufunguo uliofungwa kwenye kadi iliyochapwa mfano wa tiketi, akasema nipo ghorofa ya nne, "chumba cha Scotland". Kadi yenyewe ilisema Macbeth. Vyumba vyote wamevipa majina ya tamthilia za Shakespeare. Nikataka kuhakikisha, nikauliza kwa sauti: "Macbeth, ghorofa ya nne?"

Kijana akafumba macho, akashika moyo.

Ndipo nikaelezwa kwamba waigizaji wa Kiingereza hawalitamki jina hilo ndani ya jumba la maigizo, ila wakiwa wanauigiza mchezo wenyewe. Husema "mchezo wa Scotland" basi. Anayeropoka hutolewa nje, azunguke mara tatu, ateme mate, kisha abishe hodi mpaka waliomo wakubali kumrudisha. Na hoteli hii, kwa ajili ya kuwafurahisha wageni, nayo inaufuata mwiko huo. Kwa hiyo mimi niliyesafiri usiku kucha angani nikatolewa barabarani na begi langu. Nikazunguka. Kutema mate nilikataa, maana nilikolelewa hutemi mate mlangoni pa watu halafu ukategemea kukaribishwa ndani. Nikabisha hodi. Watalii wawili waliokuwa kwenye sofa wakapiga makofi.

Sasa tuulizane kama watu wazima. Shakespeare ameacha tamthilia zaidi ya thelathini. Ni kikao gani kilikaa, na chai ikanywewa, kikaamua kwamba chumba cha kulala mgeni kiitwe Macbeth? Hivi waliisoma? Mfalme Duncan anafika kwa Macbeth akiwa mgeni. Anapokelewa vizuri, anakula, anafurahi hadi anamtumia mama mwenye nyumba zawadi ya almasi, anapanda kitandani. Mwenye nyumba anaingia na kumchoma visu humohumo usingizini, halafu lawama wanapakwa walinzi pamoja na damu. Baadaye yule mama naye anaanza kutembea usiku akiwa amelala, taa mkononi. Katika mchezo mzima sikumbuki mtu aliyelala akaamka vizuri. Na hicho ndicho walichokiandika kwenye mlango wangu, kwa herufi za dhahabu.

Nikajipa moyo, nikasema labda wengine wamepata nafuu. Nikatembea ukanda mzima nikisoma milango. Jirani yangu ni Othello. Mle waliingia bibi na bwana harusi, watoto wazuri, wameshikana mikono, wala hawakuonekana kujua kwamba Desdemona anauawa na mumewe kitandani, juu ya shuka zilezile za harusi alizoomba zitandikwe. Mkabala wao Hamlet: baba yake alijilaza bustanini mchana, ndugu yake akammiminia sumu sikioni. Pembeni ya lifti, Romeo na Juliet: binti anakunywa dawa ya usingizi, anaamka kaburini, mume kafa pembeni. Hata ule mchezo wa kuchekesha wa usiku wa kiangazi, malkia Titania anasinzia kidogo tu msituni, anatiwa maji ya ua machoni, na anapoamka anampenda fundi mmoja mwenye kichwa cha punda. Kwa Shakespeare aliyelala hana usalama. Wazee wale wa maigizo hawakuwa na nia nzuri hata kidogo na watu wenye usingizi.

Na ukifikiri, wangekuwaje nayo? Maigizo ni kazi ya watu wanaopigana na usingizi wako. Umefanya kazi kutwa, umekula, umekaa mahali pa giza kwenye kiti laini. Kila kitu mwilini kinakuambia funga macho. Wao wana taa, ngoma, panga, mapenzi na mizimu ili usifunge. Mtu akikoroma safu ya tatu, wameshindwa. Halafu mwenye hoteli anakuja, anachukua silaha zao zote, anazipanga kuzunguka kitanda cha sita kwa sita, na anakutakia usiku mwema.

Tuanze na mahameli. Kitambaa chekundu, kizito, kimeshuka kutoka dari mpaka sakafu, pande zote nne za chumba, dirisha liwepo lisiwepo. Ukitaka kuona kama kumekucha unavuta kamba iliyopita kwenye kapi, na lazima uivute kwa mikono miwili huku mguu mmoja umeukanyagia ukuta. Mahameli hupenda vumbi, na mimi na vumbi hatupatani. Nikapiga chafya mpaka yule bwana harusi wa Othello akanigongea ukutani. Nilipokuwa nahangaika nayo ndipo nikagundua nyuma ya pazia mojawapo ramani ya njia ya kukimbilia moto ukitokea. Imefichwa vizuri kabisa, isiharibu rangi. Watu wa maigizo wenyewe wasingethubutu. Mwaka 1887 jumba la maigizo la mji wa Exeter liliungua watu 186 wakafa, na tangu hapo Waingereza wakashika sheria ya pazia la chuma linaloshuka kati ya jukwaa na watazamaji. Mpaka leo ukienda kwenye majumba yao makubwa utaliona likishushwa mbele yako, ili ujue kwamba lipo na linafanya kazi. Yaani jukwaani, mahali pa uongo, wanakuonyesha usalama wako kwa macho. Chumbani, mahali pa kweli, wanakufunikia.

Sakafu inainama. Siyo kidogo: niliweka begi la magurudumu karibu na dirisha, likaondoka lenyewe kwenda mlangoni, na nililielewa. Kijitabu kilichokuwa juu ya mto kikanieleza kwamba hiyo ni heshima kwa majukwaa ya kale, ambayo yalijengwa yakiinama kuelekea watazamaji ili waigizaji waliosimama nyuma waonekane. Ni kweli majukwaa ya zamani yalikuwa hivyo. Ila mimi nimekaa nyumba za kupanga maisha yangu yote, naijua nyumba iliyotitia nikiiona.

Kioo nacho kimezungushiwa balbu pande zote, kama vile vya vyumba vya waigizaji. Kuna sababu: mwanga ukitoka kila upande hauachi kivuli usoni, na anayejipaka rangi anaona kila kitu. Mwigizaji anataka kuona kila kitu kwa sababu yuko karibu kukificha. Mimi sikuwa na cha kukifichia. Saa kumi na moja alfajiri, chini ya balbu zile, nilikutana na mzee fulani ambaye nyumbani kwangu kioo chenye kutu kimenistiri naye kwa miaka mingi.

Basi nikatafuta namna ya kuzima. Hakuna swichi. Taa zinaamriwa kutoka ubao mdogo uliojificha nyuma ya vitabu, na vitufe vyake havikuandikwa "taa ya kitanda" wala "taa ya choo". Vimeandikwa Mapambazuko, Dhoruba, Kifo, Makofi. Nikabonyeza Kifo, nikidhani ndiyo giza. Chumba kikawa cha buluu. Dhoruba ilifanya kitu ambacho sitaki kukisimulia. Baada ya kuhangaika nikapata giza karibu lote, isipokuwa balbu moja iliyosimama kwenye nguzo ya chuma pale kona, ambayo haizimiki kwa kitufe chochote. Nikapiga simu mapokezi. Kijana akasema kwa fahari kwamba hiyo haizimwi: ni desturi majumba ya maigizo kuacha taa moja inawaka jukwaani usiku kucha wakati kila mtu ameondoka. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya mlinzi asije akadumbukia chini, na wapo wanaosema ni kwa ajili ya mizimu, ili nayo iwe na mwanga wa kuigizia.

Nikampigia mke wangu Dar. Nikamwambia nimelipiwa chumba cha kulala na majini, na wamewashiwa taa. Akaniuliza kwanza kama nimekula. Halafu akasema, "Soma Ayatul Kursi, mume wangu, jifunike shuka usoni. Na unitumie picha za hayo mapazia."

Sijafika kwenye choo bado. Mtu wa pwani akifika Ulaya ana mahitaji mawili ambayo wenyeji hawana habari nayo: maji chooni, na chombo cha kuyachotea. Nilikuwa nimesahau kubeba chupa. Si kitu, nikasema, kwenye rafu pale nimeona vikombe virefu vya kifalme, vya rangi ya dhahabu, nitachukua kimoja, Mfalme Duncan atanisamehe. Nikavuta. Hakitoki. Kimebandikwa gundi. Cha pili, gundi. Nikajaribu vitabu: migongo mitupu, nyuma yake mbao. Simu ya kizamani ya kuzungusha: kamba yake inaingia ukutani na kuishia hapo. Jambia: plastiki. Saa ya ukutani: inaonyesha saa nne kasoro kumi tangu ilipochorwa. Kuchorwa nasema, kwa maana ya rangi na brashi.

Kijana wa mapokezi ndiye aliyeniokoa. Nilishuka saa sita usiku, nikainama tena kwenye tundu, nikamwambia kijana wangu, nataka jagi la maji na birika la chai, na tafadhali usinijibu kwa sauti ya jukwaani. Akanitazama, akavua lile koti la mkia. Kumbe amesomea uigizaji, kazi ya hoteli anaifanya akisubiri kuitwa kwenye usaili, na London wamejaa vijana wa hivyo: anayekuletea supu leo kesho yuko jukwaani akifa kwa upanga. Akaingia chumba cha wafanyakazi, akaja na jagi la plastiki la kweli na birika la umeme lenye madoa ya chokaa ndani, lao wenyewe. Chumbani kwangu birika halikuwepo. Fikiria: Uingereza, nchi iliyotuachia sheria za ardhi na chai ya saa kumi, na chumba cha bei ile hakina birika, kwa sababu birika halikuwa la zama wanazoziigiza!

Tukakaa tukanywa chai. Yeye ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia jukwaani vitu ni vya aina mbili: vya kuonekana tu, na vinavyofanya kazi. Taa ambayo mwigizaji ataiwasha kweli, bomba litakalotoa maji kweli, hivyo vina jina lake maalumu, na fundi anavikagua kabla ya kila onyesho, kwa sababu taa ikigoma katikati ya maneno mchezo umekufa. Nikamuuliza, chumbani kwangu ni vitu vingapi vya aina ya pili? Akafikiri. "Kitanda," akasema. Baadaye akaongeza, "Na ile taa ya mizimu."

Nilipokuwa naondoka na jagi langu nikaanza kupiga mluzi, kwa furaha tu. Akanizuia. Mluzi nao ni mwiko: husimuliwa kwamba zamani waliovuta kamba za mapazia na mandhari juu ya majukwaa walikuwa mabaharia, na amri zao walipeana kwa mluzi, ukipiga ovyo unaweza kuangushiwa msitu mzima kichwani. Hilo halikunisumbua. Bibi yangu pia hakuruhusu mluzi usiku, na kwake sababu ilikuwa nyoka.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba maigizo na hoteli katika mji huu ni ndugu wa damu, na waliishi vizuri. Tembea kidogo kutoka Covent Garden kuteremkia mtaa wa Strand utaiona Savoy. Richard D'Oyly Carte, mwenye kampuni ya michezo ya kuimba ya Gilbert na Sullivan, alijenga kwanza jumba la maigizo la Savoy, likafunguliwa mwaka 1881, jengo la kwanza la umma duniani kuwashwa taa za umeme kila mahali. Watu waliogopa umeme, kwa hiyo akasimama jukwaani na balbu inayowaka, akaivunja mbele yao, waone kwamba haichomi kitu. Michezo ikaleta fedha, hasa The Mikado ya mwaka 1885, na fedha hizo akazipeleka kwenye kiwanja cha pembeni, akajenga hoteli iliyofunguliwa 1889. Akaweka nini ndani? Taa za umeme, lifti, maji ya moto na ya baridi yasiyokatika, na mabafu mengi kuliko wenzake walivyoona yana maana. Mtu wa maigizo kabisa yule! Alichukua fedha ya jukwaani akanunulia mabomba. Hawa wa kwangu wamechukua fedha ya mabomba wakanunulia mahameli.

Bafu lenyewe, kwa kuwa tumelitaja: ni hodhi la shaba lililowekwa juu ya kijijukwaa katikati ya chumba, limezungukwa na taa za chini, na mbele yake viti viwili vyekundu vya kukunja vya ukumbini. Viti vya nani? Nilioga nikivitazama. Sijawahi kuoga haraka namna ile tangu bweni la sekondari.

Mpwa wangu aliponikuta na macho mekundu akaona anichangamshe kwa maigizo yenyewe. Akanipeleka The Mousetrap ya Agatha Christie, ambayo ilianza kuonyeshwa London tarehe 25 Novemba 1952, ikahamia jumba la St Martin's mwaka 1974, na haikusimama kwa maana ya kusimama mpaka Korona ilipoifungia Machi 2020. Mei 2021 wakarudi. Na inahusu nini? Nyumba ya wageni! Imefunikwa na theluji, wageni hawatoki, na kati yao yuko muuaji. Nikamgeukia mpwa wangu gizani. "Mjomba, tulia," akaninong'oneza. Mwishoni watazamaji huombwa wasimwambie mtu muuaji ni nani, na mimi sitasema. Nitasema tu kwamba juu ya meko pale jukwaani ipo saa, na ndiyo pekee iliyobaki katika mapambo ya mwaka 1952. Saa ya mchezo, ya uongo kwa kazi yake, imehudumu zaidi ya miaka sabini. Yangu ya hoteli haina hata mshale wa kung'oa.

Siku nyingine tukavuka mto Thames kwenda Globe. Ile nayo ni ya kuiga, imefunguliwa 1997 kwa mfano wa jumba la Shakespeare lililoungua 1613, mzinga wa mchezo ulipowasha paa la nyasi. Watu walitoka salama, ila suruali ya bwana mmoja ilishika moto ikazimwa kwa chupa ya bia. La sasa nalo limeezekwa nyasi, paa la kwanza la namna hiyo kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666. Nikajisikia niko nyumbani. Hapohapo mwaka 2012 kundi la Kenya liliigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, na Waingereza wakacheka. Si ajabu; sisi tuliomsoma Shakespeare kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari kwanza na Mabepari wa Venisi baadaye, hatukuwahi kudhani alikuwa mali ya mtu mmoja. Pale uwanjani tulikata tiketi za kusimama. Nilisimama mchezo mzima, manyunyu yananipiga upara, magoti yanalia, na sikulalamika hata neno. Mpwa wangu alishangaa. Lakini Globe waliniambia mapema: hapa ni kusimama, mvua ikija ni yako. Bei ikafuata ukweli huo. Hawakuniuzia kitanda.

Usiku hotelini haukuwa na dawa. Dirisha langu linatazama mlango wa nyuma wa jumba la maigizo, na kuanzia saa nne na nusu, michezo inapomalizika, mashabiki hujaa pale wakisubiri waigizaji watoke, wakitoka wanapiga vigelegele vya kizungu. Halafu zinakuja zile bajaji zao za kukanyaga, baiskeli za magurudumu matatu zimevikwa manyoya ya waridi na taa za rangi, spika nyuma, zinakamua muziki mpaka usiku wa manane. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2024 kuipa mamlaka ya usafiri ya London nguvu ya kuzidhibiti, kwa kelele na kwa bei. Nawatakia heri. Sisi tuna uzoefu wa kudhibiti bajaji, wakihitaji ushauri wapige simu.

Siku ya kuondoka nikaletewa risiti ya chakula, na chini yake asilimia 12.5 ya huduma imeshaongezwa. Mpwa wangu akasema ndiyo kawaida ya London. Kwenye taarabu mtu hutunza akiguswa: umekaa, mwimbaji anafika pale penye kidonda chako, unainuka mwenyewe na noti mkononi, unacheza mpaka mbele, unatunza, unarudi kwenye kiti umepoa. Huku wamekutunzia wao wenyewe kutoka mfukoni mwako, hujainuka, hujaguswa. Noti yangu nilimpa kijana wa jagi, mkononi, na nikacheza hatua mbili. Koti la mkia likacheza nami. Nikamwombea aitwe kwenye usaili.

Kuhusu mke wangu: picha nilimtumia ili anionee huruma. Mahameli, kioo cha balbu, sanamu la joho, hodhi la shaba, vyote. Nilitegemea pole. Niliporudi Dar nilikuta mlangoni viatu vya fundi mapazia. Sebule yetu ya Tabata, ambako Januari hata feni inatoka jasho, imeshushiwa mahameli mekundu kutoka dari mpaka sakafu, kitambaa cha Kariakoo, na vishada vya dhahabu pembeni. "Karibu, baba watoto," akasema mwenye nyumba, "pole na safari. Unaonaje?" Nikasema ni mazuri. Nikamwambia fundi aendelee, vishada aongeze, hata hilo sanamu akiwa nalo alisimamishe pale kona. Swichi tu asiifunike.

Mke wangu akasema swichi ndiyo inayoharibu ukuta.